Gari la kifahari lililotumika: je, litadumu?

Msimu wa korosho au wa mpunga ukiisha, swali la aina moja huongezeka kwenye ujumbe mnaotutumia: kwa nini BMW au Range Rover ya mwaka 2009 inauzwa kwa bei inayokaribia ile ya Toyota ya kawaida, na je, mtu akiinunua atakuwa amepata au amepatikana? Hapa tunaeleza namna ya kulipima gari kama hilo kabla fedha haijatoka mkononi.

Tuanze na bei yenyewe. Gari la kifahari likiwa jipya hutunzwa na dhamana ya kiwanda. Dhamana ikiisha, thamani yake hushuka upesi, kwa kuwa kila mnunuzi anajua kwamba sasa matengenezo yote ni juu yake. Lakini bei ya vipuri haishuki pamoja na bei ya gari. Gia boksi ya gari lililouzwa kwa bei ya nyumba bado ni gia boksi ya gari la bei ya nyumba, hata kama wewe umelichukua kwa bei ya ng'ombe ishirini. Huo urahisi uliouona sokoni mara nyingi ni deni ambalo mwenzako amelikimbia.

Pili, jina halitoshi. Wazee wengi wanaisifu Mercedes, na hawakosei: ile iliyoitwa W123, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa gari gumu kweli, na zile za dizeli zilibeba abiria kama teksi Afrika kwa miongo mingi. Sifa hiyo ni ya gari lile. Mercedes ya mwaka 2008 ina kompyuta nyingi na sensa kila kona. Ni ndugu wa jina tu. Kwa hiyo usiulize kama Mercedes au BMW ni imara. Uliza kuhusu toleo hilo, la mwaka huo, lenye injini hiyo.

Mfano mzuri ni injini ya dizeli ya BMW inayoitwa N47, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Cheni yake ya taimingi imewekwa nyuma, upande wa gia boksi. Nyingi za miaka ya mwanzo zimejulikana kwa cheni kuchakaa mapema, na ikikatika inaweza kuiua injini. Kuifikia ni kazi kubwa ya kufungua, si ya fundi wa chini ya mwembe. BMW ya umbo lilelile yenye injini ya petroli inaweza kuwa na maradhi yake, ila si hayo.

Kuna kifaa kimoja ambacho kwa barabara zetu tunakiona kuwa hatari kuliko vyote: springi za hewa. Range Rover nyingi, Discovery 3 na 4, na baadhi ya Mercedes hazikai juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Mpira huzeeka, hupasuka nyufa ndogo na kuvujisha. Kompresa nayo hufanya kazi bila kupumzika ikijaribu kufidia, mpaka inaungua. Kulipima hili hakuhitaji mashine, kunahitaji kuamka mapema. Mwombe muuzaji alilaze gari usiku kucha mahali tambarare, kisha ufike asubuhi kabla halijawashwa. Pima kwa shubiri nafasi kati ya tairi na madigadi kwenye kona zote nne. Kona moja ikiwa imelala, kuna uvujaji.

Ukiwa hapo asubuhi, sikiliza injini ikiwashwa baridi. Mlio wa kugonga au kukwaruza kwa sekunde za kwanza hupotea injini ikipata moto, ndiyo maana wauzaji wengine hulipasha gari kabla hujafika. Tazama pia taa ya injini kwenye dashibodi: ufunguo ukifunguliwa inapaswa kuwaka, na injini ikinguruma izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiondoa makusudi. Halafu gari lipimwe kwa kompyuta. Makosa yaliyohifadhiwa yanaweza kufutwa dakika chache kabla, lakini fundi mzoefu ataona kwamba majaribio ya ndani ya gari bado hayajakamilika, na atajua limefutwa juzi.

Takwimu za nje zinasaidia kwa kiasi. Kampuni ya Marekani ya J.D. Power huwauliza wamiliki wa magari ya miaka mitatu matatizo waliyoyapata. Mwaka 2024 Lexus iliongoza kwa matatizo 135 kwa kila magari 100, wakati wastani ulikuwa 190. Kumbuka hayo ni magari machanga, na malalamiko mengine ni ya simu kutounganika na redio ya gari. Gari la miaka 15 kwenye makorongo ni habari nyingine.

Hata hivyo, hapo kuna jambo la kumfaa mwananchi. Toyota Harrier iliyotoka mwaka 1997, na ile iliyofuata mwaka 2003, ndiyo iliyouzwa nje ya Japani kama Lexus RX. Anayetaka starehe bila kuogopa kila kelele anaweza kuanzia hapo. Nayo ikaguliwe: baadhi ya injini za 2.4 za jamii ya 2AZ hula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili na utazame moshi wa ekzozi.

Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada. Herufi R humaanisha liliwahi kugongwa au kuharibika na kutengenezwa. Linganisha kilomita zake na zilizo kwenye cheti cha usafirishaji. Kwa gari lililotoka Uingereza, omba namba yake ya usajili ya kule. Kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bila malipo, utaona majibu ya ukaguzi wake wa kila mwaka: lilifeli nini, na lilikuwa limetembea maili ngapi.

Mwisho, kabla ya kulipa, pigia simu maduka mawili ya vipuri, Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, uulize bei ya kompresa, seti ya shokapu na pampu ya maji za gari hilohilo. Kisha muulize fundi wa mji wenu kama ana mashine ya kulisoma. Kama aliye karibu yuko kilomita 300, ongeza gharama ya kulivuta kwenye bei uliyoambiwa.