Kabla ya uwanja wa ndege kulikuwa na ziwa

Haya wasomaji wangu, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumze juu ya starehe moja ya watu wenye nafasi, halafu niwaonyeshe kwamba inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kule Alaska, Marekani, katika mji wa Anchorage, kuna ziwa linaitwa Lake Hood. Ndilo linalotajwa kuwa kituo chenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani kwa ndege za majini, yaani zile zinazosimama juu ya maboya mawili marefu kama mitumbwi. Mtu anaondoka asubuhi na kindege chake, anapita katikati ya milima, anatua kwenye ziwa lisilo na barabara wala nyumba, anavua samaki, anapika, kisha anaruka kwenda ziwa jingine. Jioni yuko kwake. Kwao hiyo ni Jumamosi ya kawaida.

Raha hiyo ina kanuni zake. Maji yakitulia kama kioo, wewe na mimi tutasifia uzuri, lakini rubani anaingiwa na wasiwasi, kwa sababu akitazama chini hajui uso wa maji uko umbali gani. Kuruka nako ni kazi, maana maji tulivu huyang'ang'ania maboya. Viwimbi vidogo humsaidia kubanduka. Na ziwa likiwa juu milimani hewa huwa nyepesi, injini inapungua nguvu, mabawa hayabebi sawasawa, kwa hiyo ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Asiyepiga hesabu hiyo mapema ataukuta mlima mbele ya pua yake.

Sasa utasikia mtu akisema, hayo ni mambo ya Wazungu wa nchi za baridi. Mimi namwuliza: je, unajua ndege za majini zilifika lini kwetu?

Zilifika mwaka 1914, na hazikuja kwa starehe. Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Wakamchukua rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake aina ya Curtiss yenye tumbo kama boti. Mwezi Novemba akaruka kutoka kisiwa cha Nyororo, kusini mwa Mafia, akaiona manowari. Desemba hiyo hiyo Wajerumani wakamkamata.

Mwaka mmoja na nusu baadaye vita vya namna hiyo vikafika Ziwa Tanganyika, ziwa lililozungukwa na milima. Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege za majini za Short, wakazipitisha Kongo nzima kwa reli na kwa mito. Juni 1916 zikaruka kutoka upande wa magharibi kwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu. Shabaha kubwa ilikuwa meli Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Liemba tunaijua sote. Ndege zilizoitafuta, nani anazikumbuka?

Baada ya mabomu ikaja barua. Februari 28, 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya London hadi Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum kuja Ziwa Victoria kilifanywa na ndege-boti. Mwaka 1937 zikaja kubwa zaidi, za kutoka Southampton hadi Durban, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi! Abiria alikuwa na mahali pa kusimama na kutazama nchi ikipita chini, na usiku alilala hotelini.

Katikati ya miaka hiyo starehe yenyewe ikaingia. Mwaka 1933 na 1934 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe, walizunguka kwetu na ndege mbili za Sikorsky zinazotua majini na nchi kavu. Moja ilipakwa milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Walipiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka angani, na mwaka 1935 wakatoa filamu yao, Baboona.

Ukurasa wa mwisho ni Naivasha. Ziwa hilo liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1949 BOAC walilifanya bandari ya Nairobi kwa ndege-boti zao za Solent. Mwaka 1950 huduma ikafungwa. Vita vya pili vilikuwa vimeacha viwanja virefu vya lami sehemu nyingi, na ndege za magurudumu zilikuwa na gharama ndogo.

Mimi ninachokiona ni hiki. Uwanja wa ndege unaacha alama. Kuna ardhi iliyochukuliwa, kuna waliolipwa fidia na walionyimwa, kuna waliobeba kokoto, na mjukuu anaweza kwenda kuonyesha kwa kidole. Ziwa halikuhitaji kuchimbwa. Ndege ilitua, mawimbi yakajifunga nyuma yake, ikaondoka. Lakini haiwezekani kwamba hapakuwa na watu. Nani alivuta kamba ndege ifungwe? Nani alibeba mifuko ya barua na masanduku ya abiria? Nani aliambiwa atoe mtumbwi wake njiani, na siku hiyo alivua nini? Katika maandishi niliyosoma, majina ya marubani yapo, namba za ndege zipo, hata rangi zilizopakwa zipo. Majina ya hao wengine sijakutana nayo.

Na muda hautungoji. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Naivasha mwaka 1950 leo amepita miaka 80. Wa Kisumu na Lindi wa mwaka 1937 wengi wao tumeshawazika.

Basi naomba jambo moja. Kama una babu au bibi aliyekulia kando ya maziwa hayo, au pwani ya Lindi, nenda kakae naye. Mwulize kama aliwahi kuona ndege ikitua majini, alikuwa na nani, walifanya kazi gani, walilipwa kiasi gani. Andika jina lake kamili, na tarehe. Mimi naanza na wazee wa Kisumu, nitawaletea watakachosema.