Majina ya Mitaa na Uhaba wa Nyumba Jijini Nairobi

Aghalabu uhaba wa nyumba jijini Nairobi huelezwa kwa wingi wa watu waliohamia kutoka mashambani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Majina ya mitaa, yakichunguzwa pamoja na historia yake, yanaonyesha kwamba uhaba huo uliasisiwa na sheria kabla ya kuzidishwa na idadi ya watu.

Baada ya reli kufika mwaka 1899, vijiji vya Waafrika vilichipuka kando ya mji. Kimojawapo kilikuwa Pangani, chenye jina la pwani na nyumba za Kiswahili ambazo wenyewe walipangisha vyumba. Mwaka 1913 ripoti ya Profesa Simpson ilipendekeza makazi yatengwe kwa rangi. Mwafrika akahesabiwa kuwa mpita njia mjini, asiyestahili nyumba ya kukaa na jamaa yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa. Wakazi wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo, mtaa mpya ambao nyumba zake zilikuwa mali ya manispaa.

Magharibi, penye mwinuko na hewa baridi, palitengewa Wazungu. Jina Kilimani lataja mwinuko huo, ambako nyumba moja ilizungukwa na bustani kubwa. Kusini-magharibi, Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliyaita makazi yao Kibra, yaani msitu. Hati ya ardhi waliipata mwaka 2017, tena ya ekari 288 tu.

Mipaka ya jiji ilipopanuliwa mnamo 1963, Kawangware na Kangemi ziliingizwa mjini. Wenye mashamba wakajenga safu za vyumba, na neno "ploti", lililomaanisha kipande cha ardhi, likapanuka maana hata likawa jina la majengo hayo ya kupangisha. Tangu miaka ya 2000 maghorofa yamechukua nafasi ya bustani nyingi za Kilimani na Kileleshwa. Nyumba zimeongezeka, lakini kodi yake haifikiwi na mkazi wa ploti.

Kwa hiyo maana hiyo ya "ploti" haina budi kupewa nafasi katika kamusi. Ikipuuzwa kuwa ni lugha ya mitaani tu, utapotea ushahidi wa jinsi wenyeji walivyojitimizia haja ambayo sheria ilikataa kuitambua.