Fahamu jinsi Maktaba ya Jimbo huko Sydney inavyookoa historia za mitaani

Mwaka 1951, shehena ya vioo ilikutwa ndani ya kibanda cha bustani huko Chatswood, kitongoji cha jiji la Sydney nchini Australia. Vilikuwa vioo vipatavyo 3,500. Vilikaa humo miaka mingi, na mtu asiyejua angeweza kuvitupa jalalani bila hata kujiuliza mara mbili.

Kumbe zilikuwa negativu za picha. Nyingi zilipigwa miaka ya 1870 kwenye miji ya wachimba dhahabu ya Hill End na Gulgong, katika jimbo la New South Wales. Mwaka 1952, mjukuu wa aliyegharamia picha hizo alizikabidhi kwa maktaba ya jimbo.

Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama bure. Lakini kutoka kibandani hadi kwenye simu yako kuna kazi kubwa. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Maktaba yenyewe ni ipi?

Maktaba ya Jimbo la New South Wales iko Mtaa wa Macquarie, katikati ya Sydney. Ilianza mwaka 1826 kama maktaba ya wanachama, yaani ilikuwa ya wenye uwezo wa kulipa ada. Mwaka 1869 serikali ya koloni iliichukua na kuifungulia umma.

Sehemu yake maarufu ni Maktaba ya Mitchell, iliyofunguliwa mwaka 1910. Jina hilo ni la David Scott Mitchell, tajiri aliyetumia maisha yake kukusanya vitabu, ramani, picha na barua kuhusu Australia. Alikubali kuutoa mkusanyiko wake wote kwa sharti kwamba ujengewe jengo lake na watu wausome bure. Alifariki mwaka 1907, kabla jengo halijakamilika. Pamoja na vitabu, aliacha pauni 70,000 ili ununuzi uendelee.

Sheria inawabana wachapishaji

Njia ya kwanza ya kukusanya ni sheria. Tangu mwaka 1879, wachapishaji wa New South Wales wanatakiwa kupeleka nakala ya kila wanachochapisha kwenye maktaba hiyo.

Hapo hakuna kubagua. Gazeti dogo la mji wa mashambani linapokelewa sawa na kitabu cha profesa. Ndiyo maana mtu anayetafuta habari za babu yake aliyewahi kuwa na duka kijijini anaweza kulikuta tangazo la duka hilo, miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Maktaba pia hukusanya vile vikaratasi ambavyo wengi huvitupa siku hiyohiyo, kama vipeperushi vya kampeni, mabango na tiketi. Vikipita miaka hamsini, ndivyo vinavyoonyesha watu walikuwa wakibishana nini na wakistarehe vipi.

Shajara za askari wa kawaida

Sheria haifiki kwenye droo za watu nyumbani. Kwa hiyo njia ya pili ni kuomba, na ikibidi kununua.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, maktaba iliweka matangazo ikitaka kununua shajara na barua za waliopigana. Haikutafuta majenerali peke yao. Iliwataka pia askari wa kawaida, wauguzi na wabeba machela, watu walioandika kwa penseli wakiwa kwenye mahandaki.

Laiti maktaba ingesubiri, nyingi ya shajara hizo zingeliwa na wadudu au kutupwa baada ya wenyewe kufariki. Baadaye watu wa kujitolea walizinakili neno kwa neno, ili msomaji wa leo asihangaike na mwandiko uliofifia.

Kutunza si kufungia kabatini tu

Kila kitu kina adui yake. Karatasi huharibiwa na unyevu, mwanga na asidi iliyomo ndani yake yenyewe. Filamu huharibiwa na joto. Kioo kikianguka, habari imeishia hapo.

Ndiyo maana nyaraka huwekwa kwenye maboksi yasiyo na asidi, ndani ya vyumba ambavyo joto na unyevu wake hupimwa. Kisha huandikwa maelezo: ni nini, cha nani, cha wapi, cha mwaka gani. Picha isiyo na maelezo ni sawa na kaburi lisilo na jina.

Hatua inayofuata ni kuskani. Vioo vya Chatswood viliposkaniwa kwa ubora wa juu, vilionyesha mambo ambayo hayaonekani kwenye picha ya karatasi. Wapiga picha, Beaufoy Merlin na msaidizi wake Charles Bayliss, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, wenyewe wakiwa wamesimama mlangoni. Ukiikuza picha unaona sura za watoto, viraka vya nguo na maandishi ya vibao vya maduka.

Aliyelipia sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Bernhardt Holtermann, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyetajirika kwa dhahabu ya Hill End. Alitaka kuitangaza Australia ng'ambo. Bila kukusudia, aliwaachia watu wa mji wa dhahabu kumbukumbu ya sura zao.

Umma nao unafanya kazi

Magazeti mengi ya zamani ya jimbo hilo sasa yanapatikana kwenye Trove, tovuti inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Australia kwa kushirikiana na maktaba za majimbo. Kompyuta husoma kurasa, lakini hukosea herufi zilizofifia. Wasomaji wenyewe ndio husahihisha, na kila sahihisho humrahisishia kazi anayekuja kutafuta jina hilo baadaye.

Maktaba ya Jimbo inafanya hivyohivyo kwa sauti. Mahojiano ya zamani hunukuliwa kwanza na kompyuta, halafu wasikilizaji hurekebisha maneno.

Maneno yanayorudi kwa wenyewe

Kuna upande mgumu wa historia hii. Waingereza walipofika kuweka koloni mwaka 1788, Australia ilikuwa na lugha zaidi ya 250 za wenyeji. Nyingi zilinyamazishwa. Watu walikufa, wakafukuzwa kwenye ardhi yao, na watoto wakakatazwa kusema lugha ya mama.

Wafanyakazi wa maktaba walirudi kwenye makabrasha ya zamani ya wapima ardhi, wamisionari na maofisa, wakitafuta orodha za maneno ya wenyeji. Orodha hizo ziliandikwa na wageni, nyingine kwa makosa. Hata hivyo, kwa jamii inayojaribu kuifufua lugha yake, neno moja la mto au la shangazi ni mali.

Hapo kugawa kunakuja na masharti. Wenyeji hushirikishwa kuhusu namna nyaraka zao zinavyotumika, na msomaji wa mtandaoni huonyeshwa onyo kwamba huenda akakutana na majina au picha za marehemu, jambo ambalo kwa jamii nyingi za huko ni zito.

Ukitaka kutazama

Huhitaji kuwa Australia wala kulipa. Ukiwa Mwanza au Mombasa, fungua tovuti ya maktaba hiyo, tafuta "Holtermann", kisha kuza picha moja ya Gulgong taratibu. Watu wale waliosimama milangoni wengi hawakuwa maarufu. Wanaonekana leo kwa sababu kuna aliyekifungua kibanda, akauliza hivi vioo ni vya nini, na kukawa na mahali pa kuvipeleka.