Dirhamu ya Chakula na Dirhamu ya Shoka

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila Ijumaa waombaji hukaa milangoni mwa misikiti yetu hapa Mwanza. Tunawapa sarafu, tunakwenda zetu. Ijumaa ya pili tunawakuta palepale. Je, mafunzo ya Mtume (s.a.w.) yanaishia hapo?

Abu Daud amepokea kwa Anas (r.a.) kwamba mtu katika Ansari alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ana nini nyumbani, naye akaleta tandiko na chombo cha kunywea maji. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, ya pili ya shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akatafute kuni, asimwone kwa siku 15. Akarudi na dirhamu kumi. Tuzingatie mpangilio: chakula, kisha chombo, ndipo amri ya kazi.

Nchi yetu imewahi kuanza na amri. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wa mijini wasio na kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Amri ilikuwepo, shoka halikuwepo. Wengi wakarejea mjini.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, uliukaribia zaidi mpangilio ule. Kaya zilipewa ruzuku. Wenye nguvu wakapewa ajira za muda, kama kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara. Na vikaundwa vikundi vya kuweka akiba. Lakini katika kipindi cha kwanza ujira ulikuwa Sh. 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, yaani Sh. 138,000 tu. Kwa mama anayetaka kununua dagaa pale Mwaloni Kirumba, kuwaanika na kuwauza, hicho ni chakula, shoka bado.

Hapa ndipo fiqhi yetu ya Kishafi inapotufaa. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Al-Majmu' kwamba fundi fakiri apewe katika Zaka thamani ya vyombo vya kazi yake, iwe ndogo au kubwa, na mfanyabiashara apewe mtaji ambao faida yake itamtosha.

Asiyeweza kazi ana hukumu yake. Abu Yusuf amesimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba. Hakumwambia akafanye kazi: alimwondolea jizya na kumpangia posho kutoka Baitul Mal.

Basi, enyi maimamu, kabla ya kuigawa Zaka sarafu kwa sarafu, tuwajue watu wetu: nani ni wa posho, nani ni wa shoka. Na mwenye kustahiki shoka tusimpe mpini mtupu.

Wallahu a'lam.