Vichekesho Vyetu Visivyoandikwa

Kamati ya gazeti hili imeniomba niandike habari za michezo ya jukwaani ya zamani zetu, shuleni na vyuoni. Nimekubali, ila nimeomba ruhusa ya kuacha kwaya, ngonjera na tamthilia, maana hizo zina watu wa kuzisemea. Kwaya ina vitabu vyake. Ngonjera za marehemu Mathias Mnyampala zimo maktabani, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Mimi nitaandika juu ya kichekesho, mchezo ulioanza saa mbili za usiku, ukaisha saa mbili na nusu, na kesho yake hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ulikuwapo.

Wenzangu wa miaka ya 1980 mnajua ninachosema. Kwa vijana waliokuja nyuma yetu itabidi nieleze. Siku ya Jumamosi, baada ya chakula, meza za bwalo zilisogezwa pamoja zikawa jukwaa, karabai ikatundikwa, na watu wanne au watano wakapanda bila kukariri chochote. Walichokuwa nacho ni kile tulichokiita mfupa, yaani nani na nani wapo, wanagombania nini, na neno la kufungia ni lipi. Nyama ilitiwa hapo hapo. Mmoja akilitamka neno la kufungia, wengine walijua wana dakika moja ya kumaliza, na mpiga ngoma alikuwa tayari.

Nilianza kucheza kidato cha pili, hapa hapa Bukoba, nikaendelea nilipokwenda Chuo cha Ualimu Katoke, wilayani Muleba, kuanzia 1984 hadi 1986. Kule tulikuwa tisa, wawili wetu tukiwa tumetoka shule hii. Hatukuwa na jina. Wenzetu walituita tu “wale wa vichekesho”.

Sheria zetu zilikuwa tatu. Ya kwanza, neno la mwenzako halikataliwi. Akikuita baba mkwe, wewe ni baba mkwe, hata kama ulipanda jukwaani ukiwa polisi. Nakumbuka usiku mmoja mwenzetu wa Karagwe alipotewa, akamwita polisi “shangazi”. Polisi yule hakubabaika. Aliivua kofia, akaitazama, akasema ameiazima kwa mumewe ili aende nayo sokoni wasimpunje. Mchezo mzima ukageuka kuwa habari za shangazi mwenye kofia ya polisi, na tuliurudia mara nyingi. Sheria ya pili, mchezaji hacheki. Ya tatu, tazama benchi la mbele, maana anayemtazama mwenzake peke yake haoni watu. Hii ya tatu nitairudia.

Waliochunguza historia ya sanaa za maonyesho nchini wanasema vichekesho vilikuwapo mijini tangu enzi ya ukoloni, mtu wa shamba aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza akiwa ndiye mhusika mkuu, na kwamba sinema za Charlie Chaplin zilichangia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule zikavitumia, pamoja na ngonjera, kuwasema wavivu na walanguzi. Sisi wanafunzi tulijifunza zaidi kwa redio. Pwagu na Pwaguzi walipokuwa hewani Radio Tanzania, hata kiranja wa zamu alisahau zamu.

Lakini nadhani Wahaya tulikuwa na shule nyingine ya zamani zaidi. Babu zetu walisimama mbele ya Mkama na mkuki mkononi wakajisifu kwa kasi, na mtu akijitungia sifa zake mwenyewe. Huko ndiko kuitwako kwebuga. Mpiga enanga naye alisimulia utenzi mrefu akiunyoosha au kuufupisha kwa kutazama wasikilizaji, jambo ambalo Profesa M. M. Mulokozi amelichunguza kwa kina katika tasnifu yake ya 1986. Mtoto aliyekulia karibu na watu wa namna hiyo haogopi kusimama bila karatasi. Mwenzetu mmoja, mjukuu wa mpiga enanga, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote, ingawa darasani alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Nimesoma kwamba huko Chicago, Marekani, walianza mwaka 1955 kucheza michezo ya namna hii, wakafungua ukumbi wao, Second City, mwaka 1959, na kwamba Viola Spolin aliwaandikia kitabu cha mafunzo mwaka 1963. Siku hizi vyuo vingi vya kwao vina vikundi vyake. Na wao wanaanza na sheria ile ile ya kutokukataa neno la mwenzako. Sisi hatukukiona kitabu hicho.

Miaka ile ilitupa mifupa mingi bila kuitafuta. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979 na umaskini wake ukabaki. Sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni. “Foleni ya Sabuni” ulikuwa mchezo wetu wa kwanza Katoke: watu watano wamepanga foleni, hakuna anayejua duka linauza nini, na kila anayefika anauliza, “Leo kuna nini?” anajibiwa, “Panga kwanza.” Mwishoni mwuza duka anatoka, naye anasimama nyuma ya foleni. Mwingine uliitwa “Mizani”, juu ya karani anayepima kahawa huku mguu wake umo juu ya sahani ya mizani. Wakulima waliucheka mpaka wakatutisha.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kutoandika. Tangu 1976 ilikuwapo sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, na onyesho la hadhara lilihitaji kibali. Ofisa mmoja alitutaka tumpelekee andiko la mchezo kabla hatujatoka nje ya chuo. Andiko halikuwapo. Mlezi wetu alikaa usiku mmoja akaandika nusu karatasi: majina ya wahusika, “Mkulima analeta kahawa. Karani anapima. Wanaelewana.” Ofisa aliisoma, akaona hamna ubaya, akagonga mhuri. Hiyo nusu karatasi ndiyo maandishi pekee ya kikundi chetu ninayoyajua. Tulikicheka kisa hicho, lakini tulijua pia kwamba ng'ambo ya mpaka, Kampala, ambako kwetu Bukoba ni karibu kuliko Dar es Salaam, mwandishi wa michezo Byron Kawadwa aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Amin.

Sasa nifike Nshamba.

Mwaka 1985 tulipewa lori la chuo tukapanda uwanda wa juu wa Muleba kucheza vijijini. Tulipofika Nshamba mzee mmoja alituuliza tumekuja kufanya nini. Tukamjibu, kuchekesha watu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapa, wanangu, tumewahi kucheka.”

Wengi wetu hatukumwelewa mara moja. Alikuwa akisema habari za 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru. Tarehe 30 Januari mwaka huo, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kilienea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakawa wamepatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana walirudi makwao, na wengine wa kwao ilikuwa Nshamba. Mwezi Aprili na Mei watu 217 wa hapo walipatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni kikazuka katika shule ya wasichana karibu na mji wa Bukoba, wasichana 48. Watu walikiita endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walipima damu na kutafuta sumu kwenye chakula, hawakuona kitu, wakaamua kwamba ni ugonjwa wa hofu ya nafsi unaoambukizana kwa kutazamana. Ulimshika mtu kwa dakika chache au saa kadhaa, ukaondoka, ukarudi, na kwa baadhi uliendelea hata siku 16.

Nchi za nje kisa hiki husimuliwa kama jambo la kufurahisha, Waafrika waliocheka mwaka mzima kwa sababu ya utani mmoja. Ni uongo. Hapakuwa na utani wala furaha. Wasichana wale walicheka na kulia kwa zamu, wakakimbia huku na huku, wengine wakapambana na waliojaribu kuwashika. Mzee wa Nshamba alijua kuliko magazeti hayo: kwamba kicheko hakionyeshi kila mara kilichomo moyoni.

Jioni ile tulicheza mchezo uitwao “Mgonjwa wa Mganga”. Ulikuwa mchezo wa zamani, tuliurithi kwa waliotutangulia chuoni. Mgonjwa amekonda, nguo zinamvuka, kila akisimama suruali inaanguka, naye mganga anadai mbuzi, kisha mbuzi wa pili. Chuoni watu walikuwa wakianguka chini kwa suruali ile. Nshamba ilianguka mara ya kwanza, watoto wakacheka. Benchi la mbele halikucheka. Akina mama wawili walivuta khanga wakafunika nyuso.

Ndugu zangu, mnaujua mwaka na mnaijua wilaya. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani kwetu, katika hospitali ya Ndolage, si mbali na hapo tuliposimama. Mitaani waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyouzwa na wachuuzi kutoka Uganda. Uchunguzi wa 1987 ulikuja kuonyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi, na Muleba pamoja na Bukoba vijijini 10 katika kila 100. Mwaka 1985 hatukuwa na hesabu hizo. Tulikuwa na akina mama wawili na khanga zao.

Mjukuu wa mpiga enanga ndiye aliyekuwa mgonjwa. Aliona. Aliifunga suruali kwa kamba, polepole, akaketi. Mimi nilikuwa mganga. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jambo ambalo halikuwamo kwenye mfupa: “Mganga, mbuzi wote nimekupa. Kesho nani atanipikia?” Neno la mwenzako halikataliwi. Nilimjibu kwamba mimi sijui kupika, nilijifunza kula tu. Benchi la mbele likacheka, kidogo. Tangu hapo kicheko chote kilinielekea mimi na uroho wangu. Yule aliyekuwa jirani akapanda jukwaani na kikombe cha uji, akakifikisha nusu njia, akaogopa, akakiweka chini na kukisukuma kwa fimbo. Watu walicheka sana, maana kila mmoja alimfahamu jirani wa namna hiyo. Kisha mama mmoja wa pale pale kijijini, ambaye hakuwa mchezaji, alitoka kwenye benchi, akakiokota kikombe na kumpa mgonjwa mkononi. Mpiga ngoma alipiga bila kungoja neno la kufungia.

Usiku ule, ndani ya lori, tulibishana. Wengine walitaka mchezo uachwe kabisa, kwa kuwa msiba hauchezewi. Mjukuu wa mpiga enanga alisema tukiuacha, watakaobaki kuzungumza ni waganga. Tukapatana kwamba mgonjwa achezwe, lakini asichekwe. Wanaochekwa ni mganga, jirani, na shemeji ambaye anakipima kibanja kwa hatua wakati mwenye nacho bado anapumua. Huyo shemeji alikuwa mhusika mpya, naye ndiye aliyetuletea ugomvi mkubwa kuliko karani wa mizani, kwa maana alimgusa kila mwanamume wa ukoo aliyekuwa akimtazama. Mwaka 1990, katika shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo wilayani Muleba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka shemeji wetu na kamba yake ya kupimia.

Tulimaliza chuo 1986 tukatawanyika kwenye shule za msingi za mkoa mzima na nje yake. Baadaye vikundi vya Dar es Salaam vilikipa kichekesho jukwaa kubwa, halafu televisheni, na Watanzania wote wakawajua Mzee Small na King Majuto. Ni haki yao. Lakini kichekesho kilichorekodiwa hakiwezi kuziona khanga za benchi la mbele, na hilo nalisema kama mtazamaji wao mwaminifu.

Katika wale tisa wa Katoke tumebaki wanne. Mjukuu wa mpiga enanga alifariki 1991.

Nimeanza kuandika mifupa yote ninayoikumbuka katika daftari la kurasa 200. Mpaka sasa nina kumi na mmoja. “Foleni ya Sabuni” imo, “Mizani” imo, “Shangazi wa Kofia” umo. Unaonisumbua ni “Mkwe wa Kampala”, ambao tuliuanzia hapa shuleni kabla ya Katoke: nakumbuka viatu vyake vya soli ndefu, nakumbuka redio isiyo na betri, ila neno la kufungia limenitoka. Wenzangu wa kidato cha nne cha 1983 mliokaa mabenchi ya mbele, yeyote anayelikumbuka aje nalo siku ya mkutano. Nitakuwa na daftari.