Mizani ya Theluji: Chimbuko la Utabiri wa Machipuko katika Milima ya Magharibi ya Marekani

Eneo la bara lililo kati ya safu ya Sierra Nevada na Milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani, hupata mvua haba mno wakati wa kiangazi, na kwa sababu hiyo mito mingi ya Nevada, Utah na Idaho hutegemea theluji ambayo hurundikana milimani katika miezi ya baridi kisha huyeyuka katika majira ya machipuko, yaani kipindi kinachoanza Machi, joto linaporejea. Mkulima wa huko anayetaka kujua machipuko yatakuwaje huwa anauliza, kimsingi, akiba ya maji iliyokwisha kuanguka juu ya milima ni kiasi gani, na itashuka kwa kasi gani. Swali hilo la kwanza lilipata jibu la kuaminika mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyelipata hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa.

James Edward Church alikuwa mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, ambaye mazoea yake ya kupanda milima wakati wa baridi yalimfanya, mwaka 1905, aanzishe kituo cha kupimia hali ya hewa karibu na kilele cha Mlima Rose, wenye urefu wa takribani mita 3,285. Hapo alianza kuchunguza jinsi misitu inavyoikinga theluji dhidi ya upepo na jua, na uchunguzi huo ukamdhihirishia kwamba kina cha theluji peke yake hudanganya, kwa kuwa theluji changa ni nyepesi na hushikilia hewa nyingi, ilhali ile iliyokaa muda mrefu hushikana na kuwa nzito. Kilichohitajika ni kipimo cha maji ya theluji, maana yake kina cha maji ambacho kingepatikana iwapo theluji yote ya mahali fulani ingeyeyushwa papo hapo.

Chombo alichokibuni kilikuwa bomba jembamba la chuma lenye meno ya kukatia mwishoni, ambalo mpimaji hulididimiza huku akilizungusha mpaka liguse ardhi. Akilichomoa, hutazama kama kuna udongo kwenye ncha, kwani udongo huo ndio ushahidi kwamba amefika chini kabisa, kisha huuondoa na kulipima bomba pamoja na theluji iliyomo. Upana wa mdomo wa bomba ulichaguliwa kwa ustadi, hata kila wakia moja ya uzito wa theluji ikawa sawa na inchi moja ya maji, na hivyo mtu aliyesimama kwenye baridi kali, vidole vikiwa vimekufa ganzi, aliweza kusoma jibu kwenye mizani bila kupiga hesabu ndefu.

Mbinu hiyo ingeweza kubaki udadisi wa msomi mmoja kama lisingekuwepo Ziwa Tahoe. Kampuni ya umeme na wakulima wa umwagiliaji waliokuwa chini kwenye Mto Truckee, unaotoka ziwani kupitia bwawa, walitaka ziwa lijazwe ili maji yatumike kiangazi, huku wenye viwanja vya ufukweni wakilalamika kwamba ziwa likijaa kupita kiasi hula kingo zao. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini hakuna aliyejua ziwa lingepanda kiasi gani kabla halijapanda. Church alipendekeza kanuni rahisi ya asilimia: vipimo vichukuliwe kila mwaka katika vituo vilevile, vilinganishwe na wastani, na ikiwa theluji ya mwanzoni mwa Aprili ni asilimia 80 ya kawaida, maji yatakayoshuka nayo yatarajiwe kuwa karibu asilimia 80. Haikulazimu kujua jumla ya theluji yote ya bonde, jambo ambalo lisingewezekana hata hivyo, na malango ya bwawa yangeweza kufunguliwa mapema, kabla ugomvi haujazuka.

Majimbo mengine yaliiga, na baada ya ukame wa 1934 serikali kuu ikaanza, mwaka 1935, kuratibu upimaji huo katika magharibi yote. Tangu miaka ya 1970, vituo vinavyojiendesha vyenyewe vimechukua sehemu kubwa ya kazi, vikitumia mfuko mpana wenye kimiminika kisichoganda, ambao hubonyezwa na uzito wa theluji na kutoa taarifa kwa redio.

Hata hivyo mizani husema kilichokwisha kuanguka tu, na udhaifu huo ulionekana Utah mwaka 1983, ambapo baridi ya machipuko iliendelea kupita desturi, theluji ikazidi kuongezeka baada ya tarehe ambayo kwa kawaida huanza kupungua, na joto lilipokuja kwa ghafla mwishoni mwa Mei, maji ya kijito cha City Creek yalilazimika kupitishwa katikati ya barabara ya State Street mjini Salt Lake City, kati ya kuta za magunia ya mchanga, wenyeji wakivuka kwa madaraja ya mbao. Utabiri wa maji unaotolewa siku hizi kila mwezi, kuanzia Januari, hautaji kiasi kimoja tu. Huweka pembeni yake viwango vya mwaka mkavu na vya mwaka wa mvua nyingi, kila kimoja na uwezekano wake, na msimamizi wa bwawa ndiye anayeachiwa kuamua ni hatari ipi aibebe.