Kitwa Changu, Kichwa Changu

Kabla ya mwaka 1928, mtoto wa Mombasa aliyeandika "kitwa" badala ya "kichwa" hakuwa amevunja sheria yoyote ya Kiswahili sanifu, kwa sababu Kiswahili sanifu kilikuwa hakijazaliwa. Alikuwa ameandika neno la nyumbani kwao, kama alivyolisikia kwa mama yake na kama lilivyotumiwa na washairi wa mji wake. Miaka michache baadaye neno hilohilo, kwa mwandiko uleule, lingeweza kupigiwa mstari na mwalimu. Mtoto hakuwa amebadilika. Kilichobadilika ni maana ya kukosea.

Nimekuwa nikiyafikiria haya tangu nilipoanza kuhariri sura za tasnifu yangu ya uzamili. Kila ninapofuta neno langu mwenyewe najiuliza: hili ni kosa la nani, na nani aliamua?

Hadithi yenyewe si fupi. Johann Ludwig Krapf alifika pwani yetu mwaka 1844, akakaa Mombasa, na sarufi aliyoichapisha mwaka 1850 ilijengwa juu ya Kimvita, Kiswahili cha watu wa Mombasa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1870, Edward Steere alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili akiwa ametegemea Kiunguja, kwa kuwa misheni yake ilikuwa Unguja. Kwa hiyo tangu karne ya 19 kulikuwa na vitabu viwili vilivyosema, kila kimoja kwa haki yake, "Hiki ndicho Kiswahili." Wamisionari wa Mombasa walikitetea Kimvita. W. E. Taylor, aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, alikuwa mmoja wao. Lakini misafara ya biashara kutoka Unguja ilikuwa imeshakipeleka Kiunguja mbali sana bara, na utawala wa Wajerumani Tanganyika ulikuwa umekitumia Kiswahili katika shule na ofisi zake.

Mwaka 1928 mkutano wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ona kejeli yake: Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwao. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule, ikasawazisha tahajia na kuamua neno lipi lipite na lipi lirekebishwe. Kamusi zilizobeba jina la Johnson zilitoka mwaka 1939, naye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1944 ikatoka sarufi ya E. O. Ashton, ambayo vizazi vya wanafunzi vilijifunza kwayo.

Uhuru haukuifuta kazi hiyo. Uliikabidhi kwa wenyewe. Kamati ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanzania ikaunda BAKITA mwaka 1967, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, Kiswahili kikifafanuliwa kwa Kiswahili. Hata hivyo malalamiko hayakuisha. Shihabuddin Chiraghdin, mwana wa Mombasa, aliandika pamoja na Mathias Mnyampala kitabu cha Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977, na alijulikana kwa kuutetea urithi wa lahaja za pwani.

Sasa nirudi kwenye tasnifu. Sura yangu ya tatu ina maneno ya wazee niliowahoji Mombasa. Msomaji mmoja aliyepewa mswada aliurudisha ukiwa umejaa wino mwekundu. "Ndia" ilizungushiwa duara, ikaandikwa juu yake "njia". "Mato" yakawa "macho". "Ndoo", mzee akimwita mjukuu wake, ikawa "njoo". Pembeni kulikuwa na maneno mawili tu: makosa ya sarufi.

Hapo ndipo historia ilipoanza kunisaidia kuhariri. Mzee akisema "kitwa changu kinauma", na mtu wa Unguja akisema "kichwa changu kinauma", wametofautiana katika sauti moja. Tazama yanayofuata: changu, kinauma. Upatanisho ni uleule. Sarufi iliyoziunganisha sentensi hizo haikutungwa na Kamati. Ilikuwapo pwani nzima kabla ya Krapf kushuka chomboni. Kamati iliteua lahaja. Haikuteua upatanisho wa ngeli. Kwa hiyo "kitwa" si kosa la sarufi hata kidogo. Ni neno la lahaja ambayo haikuteuliwa.

Ukishaona hivyo, unaona pia makosa yaliyo makosa kweli, na unaacha kuyaonea huruma. Chukua maneno haya: "barua ya mwalimu iliyopotea." Kilichopotea ni barua. Badilisha kidogo: "barua ya mwalimu aliyepotea." Sasa tunamtafuta mwalimu. Silabi chache zimebeba habari nzima, na msomaji hana njia nyingine ya kuipata. Katika mazungumzo, hasa huku bara, mtu anaweza kusema "barua yake ilipotea, ya mwalimu", akaonyesha kwa mkono, tukaelewana. Ukurasa hauna mkono.

Ndiyo maana ninapohariri sentensi zangu nakiendea kwanza kitenzi, namuuliza: mwenyewe wako nani? "Idadi ya wavuvi waliohama wameongezeka" inapita sikioni bila kukwama, kwa sababu wavuvi wako karibu na kitenzi. Lakini kilichoongezeka ni idadi, na idadi "imeongezeka". Sentensi ikiwa ndefu, kitenzi hupenda kumfuata jirani badala ya mwenyewe. Dawa ni kuyafunika kwa kidole maneno ya katikati na kusoma ncha mbili tu. Baada ya hapo natafuta "ambaye" zote. "Mzee ambaye aliyenieleza" amerejeshwa mara mbili; inatosha "mzee ambaye alinieleza" au "mzee aliyenieleza". Nikiona "-nge-" upande mmoja wa sentensi na "-ngali-" upande wa pili, nachagua moja. Wengi hawazitofautishi tena wanapozungumza, lakini pande mbili za sharti moja zikivaa sare, msomaji haulizi maswali.

Na sarufi yenyewe hainyooki kama rula. Tunasema "rafiki yangu mzuri": "yangu" inafuata ngeli ya nyumba na nguo, "mzuri" inafuata ngeli ya watu, na zote mbili ziko sawa. Anayehariri kwa kukariri kanuni moja ataiharibu. Lazima sikio nalo liwepo, na sikio hilo limefunzwa na watu, pamoja na wale waliosema "kitwa".

Kuna rafiki zangu wanaosema kwamba, kwa kuwa usanifishaji ulikuwa kazi ya wakoloni, basi kuhangaikia sarufi ni kuendelea kuwatumikia. Siwezi kukubali. Wanachanganya mambo mawili yaliyofika shuleni ndani ya kitabu kimoja: uamuzi wa 1928, ambao tuna haki ya kuuhoji, na mpango wa lugha yenyewe, ambao ni mali yetu. Wino mwekundu usiotenganisha haya mawili humnyamazisha mzee wa Mombasa, na wakati huohuo huiacha "idadi wameongezeka" ipite salama.

Katika sura ya tatu nimeamua hivi. Sentensi zangu nazisafisha bila huruma, kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu nataka msomaji wa Kigoma na wa Kisumu anielewe bila kusita. Maneno ya wazee nayaacha yalivyotoka vinywani mwao, na nimeweka maelezo mafupi mwanzoni mwa sura. "Njia" ni yangu. "Ndia" ni ya mzee, na haina duara tena.